Kata ya Kwanza ya Shangazi Mishi

"Kobe! Kobe! Wanipata?"

Mwinga, jasusi wa serikali aliyeitwa Kobe redioni, alinyakua maiki huku Peugeot ikiserereka kwenye vumbi la Msambweni.

"Nakupata. Sema."

"Pipa la sharubati limefika barazani. Shangazi yako ameonja. Ameanguka."

Hasira ilimpanda, akakanyaga mafuta hadi mwisho.

Mishi ndiye aliyemlea. Leo Jamhuri ilitimiza mwaka. Watu mia tatu walikaa juani, na mshenzi mmoja aliyejiita Dakta Lomax, ambaye Mwinga alikuwa akimfuatilia, akawapelekea zawadi yenye sumu, apate kuwaonyesha wateja wake wa ng'ambo inavyoua. Mtu na elimu yake! Ila hakujua kwamba Kwale mwenye kukaribisha hunywa kwanza, wageni wakimtazama.

Mwenyeji alikuwa Mishi, kwa hiyo kata ya kwanza, kile kifuu cha kunywea, ilikuwa yake. Wale mia tatu hawakugusa.

Mwinga alimkuta ukumbini mwa zahanati, povu mdomoni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama mbegu za mchicha.

"Mwanangu, mkono wajitikisa wenyewe."

"Neva hupashana habari kwa kemikali," alisema Hannah, muuguzi. "Kuna kimeng'enya kinachoifuta kemikali hiyo, neva zipumzike. Sumu imekifunga. Ubongo na misuli vinapigiwa kelele bila kukoma. Nisipopata atropini, ataacha kupumua. Na hapa sina."

"Lomax anayo," Mwinga alisema. "Hawezi kuchezea sumu hii bila dawa yake."

Alimfuma Diani, akipakia Land Rover. Bastola ya Walther PPK ikamgusa shingo.

"Atropini."

"Sina. Pekua!" Lomax alicheka.

Mwinga hakupekua. Alifungua chupa ya chai, akajaza kata ya kifuu.

"Sharubati ni yako, kwa hiyo mwenyeji ni wewe. Kunywa."

"Umepata wazimu?"

Mtutu ukakandamiza.

Lomax akanywa. Kisha akaanguka chini, akang'oa kisigino cha kiatu kwa kucha. Ndani mlikuwa na sindano mbili za atropini. Mwinga akamkanyaga mkono, akazichukua zote.

"Nakufa! Nipe moja!"

"Hufi. Umekunywa maji ya ukwaju. Nimeyanunua njiani."

Akamfunga pingu, akamtupa nyuma ya gari.

Zahanatini, Hannah alimchoma Mishi sindano ya kwanza, baadaye ya pili. Akavuta pumzi ndefu. Mkono ukatulia pole pole.

"Yule mgeni aliyeleta sharubati amekunywa?" aliuliza.

"Amekunywa, shangazi."

"Basi mpe na wali. Nyumbani kwetu mtu haondoki na njaa, hata akienda jela."

Mwinga akavaa miwani yake ya jua, akaenda kumtafutia Lomax sahani.