Moshi wa Mchana

Helikopta ilikuwa imeinuka kimo cha goti tu ilipokumbwa na ajali. Walikuwa wametua kidogo katikati ya vichaka vya Manyoni kufunga mlango uliolegea. Sasa rubani, Chetan, aliisogeza polepole pembeni, mbali na miti, apate nafasi ya kupaa. Vumbi jekundu likatimka na kuziba kioo. Hakukiona kisiki. Mguu wa chuma ukanasa, helikopta ikalala ubavu, mapangaboi yakachapa ardhi na kukatika.

Kisha kimya.

Theodora, nesi aliyekuwa akipeleka chanjo vijijini, alijifungua mkanda, akamvuta Chetan nje na kumburuza mbali na harufu ya mafuta. Paja la rubani lilikuwa limechanika. Theodora alilifunga kwa kitenge chake, akakaza kwa kijiti, lakini damu iliendelea kupenya.

"Nesi, usinidunge chanjo ya surua," Chetan alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Nyamaza, kaka. Redio?"

"Imekufa. Simu?"

"Haina mtandao."

Chupa ya maji ilikuwa imepasuka. Jua lilikuwa utosini. Theodora aliutazama mguu ule na kuelewa kwamba Chetan hangeweza kungoja hadi kesho.

Ndipo alipouona mzinga wa gome, umetundikwa juu ya mti ng'ambo ya uwazi. Moyo ukamruka. Alikulia Manyoni, mjomba wake alikuwa mrina asali. Huku asali hurinwa usiku. Moshi wa mchana chini ya mzinga una maana moja tu: mwizi.

Alikimbilia chini ya mzinga, akang'oa nyasi mpaka ardhi ikawa tupu, akawasha kimoto kidogo kwa kiberiti cha mfukoni na kukirundikia majani mabichi. Moshi mzito ukapanda juu ya vichaka.

"Unaita nani?" Chetan aliuliza kwa sauti ndogo alipomrudia.

"Watu watakaotaka kutupiga."

"Afadhali," alisema, akafumba macho.

"Usilale! Nitajie watoto wa dada yako."

"Rashmi... Kalpesh..."

"Endelea!"

Matawi yakavunjika. Wanaume watatu walitokea mbio wakiwa na marungu, mbele yao mzee mwenye hasira.

"Tumewakamata! Wezi wakubwa!"

Tangu utoto Theodora alikuwa mtu wa kuona haya, sauti yake haikuwahi kuvuka chumba. Alipiga magoti.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba," mzee alijibu kabla hajafikiri. Rungu likashuka. Akaiona helikopta, akamwona Chetan. "Mwanangu, kumbe ni ajali! Na mzinga wangu?"

"Hatujaugusa. Nilitaka mje tu."

Mzee alimkodolea macho, kisha akacheka hadi akakohoa. "Umetuita kwa matusi, binti! Ignas, leta kibuyu. Mpe maji kidogo kidogo, asipaliwe."

Waliufukia moto kwa mchanga, wakakata fito na kusuka machela kwa kamba za magome. Walimbeba kwa zamu, huku Theodora akitembea kando na kukaza kile kitenge, hadi barabarani, ambako lori la mkaa liliwachukua mpaka hospitali.

Daktari alipotoka chumba cha upasuaji alisema, "Yuko salama. Anaulizia kama ule moto umezimwa."

"Umezimwa!" Theodora alijibu, kwa sauti iliyofika mwisho wa wodi. Wagonjwa wote wakageuka. Hakuona haya hata kidogo.