Hatujamaliza Ureno

Siku hizi mtu akitaka kwenda Uhispania kwa gari huiuliza simu, nayo humjibu bila hata salamu. Enzi zile za miaka ya themanini, Mwanabaraka alipompenda Alnashir, njia ilitafutwa kwa kidole juu ya ramani, na kidole kikichoka kilipumzika, pengine juu ya kidole cha mwenzake.

Walikutana Jumamosi moja katika soko la Walthamstow, mtaa mzima mabanda na kelele, mbele ya meza ya Sudha aliyeuza mihogo, ndizi mbichi na ukwaju. Mwanabaraka alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Kuze, Mombasa. Siku hiyo alivaa koti zito la sufu, pindo la leso likichungulia chini yake. Aligeuza muhogo mkononi akanung'unika kwa Kiswahili kwamba muhogo ule ulikuwa na umri wa bibi yake.

"Basi uamkie," sauti ikasema nyuma yake. "Mkubwa huamkiwa."

Akageuka akamwona Mhindi mrefu, sweta rangi ya haradali, nywele zimelazwa kwa mafuta. Ndiye Alnashir, Khoja wa Makadara, kulekule Mombasa, aliyeletwa London angali mtoto na kuwazika huku wazazi wake wote wawili. Kazi yake ilikuwa kupakia mizigo kwenye ndege pale Heathrow, na kila ndege ya Nairobi ilipopaa, alisema, moyo wake ulipanda nayo ukamwacha chini na masanduku ya watu. Mwanabaraka alicheka mpaka Sudha akamwongezea ukwaju.

Mapenzi yakaota. Kila Jumapili Alnashir alikuja nyumbani kwa Bi Thureya, shangazi yake Mwanabaraka, akiendesha Pijo kuukuu, ya namna ile iliyokuwa ikibeba abiria kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mwanabaraka aliapa kwamba viti vyake vilinuka Mtito Andei, kituo cha katikati ya njia hiyo. Humo garini ndimo hamu ya safari ilimozaliwa. Kwenda nyumbani kulikuwa mbali na mfuko, lakini Alnashir alikuwa amesikia kazini kwamba kwenye ncha ya Uhispania kuna mji uitwao Tarifa, na siku ya jua mtu akisimama pale huiona Afrika kwa macho yake.

"Si Mombasa," alisema, "lakini ni bara moja. Tutaisalimu kwa mbali."

Basi ramani ikatandazwa juu ya meza ya Bi Thureya, pembe moja imelaliwa na kinu, nyingine na birika. Feri ya Dover, Ufaransa kutoka juu hadi chini, kisha Ureno, maana Mwanabaraka alitaka kuwauliza Wareno ni nani aliyewaalika Mombasa hata wakajenga ngome. Alnashir alitaka wazungukie Ubelgiji kwa ajili ya chokoleti. Waligombana Ubelgiji, wakapatana Bordeaux, na Bi Thureya akifuma soksi yake pembeni alitaka kujua tu wapi watakapopata nyama ya halali.

Jioni moja wakila chipsi garini, Alnashir akasema, "Tuoane kwanza, Mwana, ndipo tuvuke maji."

Moyo wa Mwanabaraka uliruka. Hata hivyo alicheka, angefanya nini? Alikolelewa yeye mwanamume hajiposei. Hutuma wazee, wakaja na maneno ya kuzunguka, wakanywa chai, wakaondoka, wakarudi. Anayejisemea mwenyewe, tena na chipsi mdomoni, anatania. Lakini juma lile alipangusa sebule, akanunua vikombe vipya, akawangoja wazee. Hawakuja.

Iliyokuja ni simu. "Nimepata chumba Bordeaux, mpenzi," Alnashir akasema, furaha inamwagika. "Dirisha linatazama mto."

"Chumba kimoja?"

"Kwani wewe ulitaka vingapi?"

Mwanabaraka akaikata simu. Kumbe ndivyo alivyomwona, mwanamke wa kubebwa safarini kama begi. Alilia palepale aliposimama, na Alnashir alipopiga tena, na tena, Bi Thureya aliambiwa aseme mtoto yuko zamu. Mwishowe simu ikanyamaza.

Majani yakapukutika mitaani. Mwanabaraka alikuwa akipita kwa Sudha bila kununua, na ndani ya basi alijikuta akitamani hata ule ubishi wa Ubelgiji. Alimkumbuka kwa mambo madogo: alivyoilaumu giya ya Pijo kwa Kigujarati, alivyokunja ramani kila mara upande usio wake. Kiburi kilipomwishia akapiga simu Hounslow, alikoishi Alnashir. Aliyepokea ni Titus Kamande, Mkikuyu wa makamo aliyempangisha Alnashir chumba.

"Huyo kijana hali chakula," Titus akamwambia. "Anasema alikuuliza mambo ya kuoana, wewe ukacheka, ukafurahi. Halafu ukamkasirikia kwa sababu ya chumba cha fungate. Sisi hapa hatuelewi."

Chumba cha fungate. Mwanabaraka akaketi ngazini. "Aliniuliza mwenyewe, Mzee Titus. Kwetu mtu hajiposei. Nilingoja wazee wake."

"Wazee wake wako kaburini, msichana wangu."

Ilikuwa kweli, naye aliona haya kwamba halikumpitia akilini.

"Mimi mvi ninazo," Titus akasema. "Zinatosha?"

Jumapili wakaja. Titus amevaa suti yake ya kanisani na kofia, amebeba boksi la halua. Nyuma yake Alnashir, sweta ya haradali inampwaya, ameikumbatia ramani. Mwanabaraka alijificha jikoni kama ilivyo ada, sikio mlangoni. Alimsikia Titus akieleza kwamba wameona ua katika nyumba hii, kisha, akishindwa kuendelea na maua, akauliza ni mbuzi wangapi. Bi Thureya akamuuliza mbuzi hao watafugwa wapi, Walthamstow?

Ndipo akaja jikoni, akaufunga mlango. "Mwanangu, yupo mtu. Unamtaka?"

Mwanabaraka, ambaye tangu aachishwe ziwa hajapata kukosa la kusema, akainamisha uso akanyamaza. Kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake. Mama yake alijibu hivyo, na bibi yake pia. Bi Thureya akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akarudi sebuleni.

"Amenyamaza," akatangaza kwa fahari, akainama kumimina chai.

Titus hakuzijua mila hizo. Na Alnashir, kimya cha Mwanabaraka alikuwa amekilalia na kukiamkia tangu simu ile ikatwe, na maana yake kwake ilikuwa moja tu.

"Pole, kijana," Titus akasema taratibu. "Twende."

Mwanabaraka alisikia kiti kikisogezwa, kisha hatua zikielekea mlango wa mbele, karatasi ikichakarika. Ada ilisema mwari hatoki, wala hapazi sauti. Akafungua mlango wa jikoni.

"Alnashir, ramani hiyo unaipeleka wapi? Hatujamaliza Ureno."

Alnashir akasimama, mkono juu ya kitasa, machozi yanamlengalenga. Kisha akarudi mezani akaikunjua, naye Titus, akiwa bado hajaelewa vizuri, akaweka kofia yake juu ya Ubelgiji ili pembe isijikunje.