Gari la Ngeleja na Kiuno cha Mjomba

"Ngeleja, hivi gari hili lina springi au umeweka matofali?" Mjomba Alfred aliuliza, ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Springi zipo, mjomba. Tena leo limetulia, nimepakia mpunga."

"Mpunga?"

"Magunia mawili, nyuma kwenye buti. Gari likiwa tupu linaruka, likipata mzigo linatulia. Kila anayebeba mpunga anajua."

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, magoti yamegusa kidevu, nimekalia mto niliojinunulia mwenyewe. Nikafumba macho. Mungu wangu, nikasema kimoyomoyo, na huyu nimemchagua mwenyewe, sikulazimishwa na mtu.

Maana mzigo unatuliza pikapu. Lile halikuwa pikapu. Lilikuwa Datsun ya milango miwili, gari la spoti la zamani, limemzidi Ngeleja umri, alilinunua Kimamba kwa mzee mmoja aliyekuwa msimamizi wa shamba la mkonge. Lilipofika mikononi mwake akazikata springi kwa msumeno wa umeme ili lilale chini, akafunga shokapu ngumu za mashindano na tairi nyembamba kama chapati. Likipita Mikumi, vijana wa stendi wanatoa simu kulipiga picha. Ukiwa ndani yake, unahesabu meno.

Tukaingia shimo la kwanza baada ya lami kuisha. Chuma kikagonga chuma. Mjomba akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa, na mjomba wangu amewahi kung'olewa jino bila ganzi.

"Pole, mjomba," Ngeleja akasema.

Tulipofika kijiji cha Ulaya, mjomba akanyoosha kidole.

"Pale penye bodaboda, nishushe."

"Mjomba, Kilosa bado mbali."

"Nimesema nishushe."

Akashuka kwa awamu. Mguu mmoja, akapumzika. Mguu wa pili, akapumzika tena. Kisha akainama dirishani, mkono kiunoni.

"Kijana, barua yako ya posa sitaisoma leo. Siwezi kukaa kwenye kiti. Siku utakayonifikisha Kilosa nikiwa mzima, siku hiyo tutazungumza habari za Magreti. Kabla ya hapo, usinitumie mshenga."

Akapanda pikipiki ya mtu asiyemjua, akaondoka amekaa upande.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Baba anakaa pembeni anakunywa chai, mjomba ndiye anayesema ndiyo au hapana. Kwa hiyo neno lililoshuka pale Ulaya lilikuwa ndoa yangu.

Jioni ile Ngeleja akaniandikia:

"Mage mjomba anaendeleaje"

"Amelala kifudifudi. Mama anamkanda kwa maji ya moto."

"Sasa nifanye nini mpenzi"

"Kile ninachokuambia tangu mwaka jana."

Siku nane akawa kimya, na mimi nikawa kimya, maana nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa na hasira. Siku ya tisa akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mage! Nimelifungua lote. Fundi Beda kanicheka mpaka kakaa chini. Kasema springi ukishaikata huwezi kuilainisha kwa mzigo, unaikandamiza tu mpaka inakwisha. Tumetafuta springi za urefu wake wa zamani, tumezipata Morogoro. Shokapu laini. Bushi za mpira, zile ngumu nimetupa. Tairi nene. Limepanda juu kidogo, vijana wa stendi wananiuliza nimelifanya nini gari langu. Lakini jana nimempitia mjomba, tumeenda hadi Ulaya na kurudi. Unajua alifanyaje?"

"Alifanyaje?"

"Kalala, Mage. Kalala usingizi njiani, mdomo wazi. Tulipofika kasema wazee wangu waje Jumamosi ijayo."

Nilitakiwa kupiga vigelegele.

"Mage? Mbona kimya?"

"Ilichukua siku ngapi?"

"Nane tu. Beda hakulala."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa tu."

Nikakata simu. Wanawake wenzangu, hiyo sawa mnaijua.

Mwaka mzima. Kila Jumamosi nilitoka Kilosa kwenda Mikumi na kurudi ndani ya gari lile. Nilimwambia shingo inauma, akasema gari la spoti ndivyo lilivyo. Nilikwenda hospitali, nikarudi na dawa ya kuchua, akaniambia inanukia vizuri. Nilinunua mto, akacheka. Mjomba wangu akalipanda mara moja, nusu ya safari, na gari likafumuliwa mpaka bushi.

*

Jumamosi wazee wa Ngeleja wakaja na mshenga wao, Mzee Deogratias, mtu wa maneno matamu na suti ya kahawia. Barua ikasomwa. Ng'ombe wakatajwa. Mjomba alikuwa amekaa wima kwenye kiti, kiuno kimepona, anacheka na watu aliokuwa hataki kuwasikia wiki mbili zilizopita. Nyuma ya nyumba mama na wenzake walikuwa wanapika pilau.

Nikaitwa. Nikaingia na kanga zangu, nikapiga goti.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia wote.

Mjomba akakohoa kidogo.

"Magreti, wageni hawa wanasema wameona ua kwetu. Unawafahamu?"

"Nawafahamu, mjomba."

"Basi, tupokee walicholeta, tusipokee?"

Msichana hapo anatazama chini na kusema pokeeni. Hata asipotaka, anasema pokeeni, mengine yatazungumzwa chumbani na shangazi. Mimi nikamtazama Ngeleja. Alikuwa anatabasamu, ameshanyoosha tai.

"Naomba msipokee kwanza."

Mzee Deogratias alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Yakafia mikononi.

"Mwanangu, labda hukusikia swali," akasema.

"Nimelisikia, baba. Naomba kwanza nimuulize Ngeleja jambo moja."

Mama akachungulia mlangoni ameshika mwiko. Mjomba akasema:

"Muulize."

"Ngeleja, mimi nilikuambia mara ngapi kuhusu gari lile?"

Tabasamu likaondoka.

"Mage, hayo si tungeongea wawili?"

"Tuliongea wawili mwaka mzima. Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Ulikuwa hunisikii?"

Baba yake akamwambia kitu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Ngeleja akatikisa kichwa. Nilidhani atanidanganya. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsikia akisema alikuwa na shughuli nyingi, springi hazikupatikana, Beda alikuwa safarini.

"Nilikusikia," akasema. "Nilidhani utazoea."

Chumba kizima kikasikia. Mama akasema "hee" kule mlangoni.

"Na mjomba?"

"Mjomba anaweza kunikataa." Akalegeza tai. "Wewe nilijua hutanikataa. Kila wikiendi ulikuwa unapanda. Unalalamika, halafu Jumamosi umesimama na mto wako unanisubiri. Nikaona basi, hakuna haraka."

Iliniuma, tena iliniuma vibaya, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mto ule nilikuwa nimeununua mimi. Nilijifundisha kuvumilia, yeye akajifundisha kuniona navumilia.

"Sasa mimi nitakayepika na kuamka na wewe miaka yote," nikasema, "kila ninachosema kitasubiri mpaka mjomba aumie?"

Mzee Deogratias akafungua mdomo atupoze na methali, mjomba akamwinulia kiganja.

"Mzee mwenzangu, acha. Na mimi hapa nimeaibika. Huyu alikuwa anakuja nyumbani kwangu anashika shingo, nikamwambia anywe panadoli." Akanigeukia. "Mwanangu, jibu ni lako. Nendeni mkaongee huko huko ndani ya hilo gari. Nawapa nusu saa. Pilau haitasubiri zaidi ya hapo."

Tukatoka mbele ya macho ya watu wote. Nikakaa kiti cha mbele, nikajifunga mkanda, akawasha gari. Tukashika njia ya Mikumi.

Nitasema ukweli. Gari lilikuwa zuri. Shimo likija unaliona, unajiandaa, halafu linapita chini yako kama halipo. Sikumwambia. Tulikwenda zaidi ya dakika kumi, mimi natazama dirishani, machozi yananitoka kwa hasira na kwa sababu bado nilimpenda, jambo ambalo lenyewe liliniudhi.

Akapunguza mwendo. Akasimama kando ya barabara.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna."

"Umeinamisha shingo tangu tumetoka."

"Nimesema hakuna, Ngeleja. Twende."

Hakuondoa gari. Akazima kabisa, akaweka funguo mapajani, akanigeukia.

"Siendi. Niambie."

Mwaka mzima mtu huyu hajawahi kuuliza swali mara mbili.

"Mkanda," nikasema. "Huu wa mashindano. Unanikata hapa shingoni. Ulikuwa unanikata siku zote, nilikuwa nausingizia mtikisiko."

Akashuka. Nikamsikia anafungua buti, anapekua vyuma. Akaja upande wangu na spana, akafungua mlango, akapiga goti kwenye vumbi na suti yake ya posa, akapenyeza mkono nyuma ya kiti.

"Nikishusha hivi?"

"Bado."

"Hivi?"

"Kidogo tena."

Jasho likamtoka. Nati ilikuwa imeshika kutu, spana ikateleza, akajikwaruza vidole, akanyonya damu na kuendelea. Hakusema pole wala hakuniambia ananipenda. Alikuwa ananitazama usoni kila akizungusha, anasubiri niseme.

Simu yangu ikaita. Mjomba.

"Magreti, nusu saa imekwisha. Mama yako anataka kupakua. Mshenga ameshakunywa soda tatu, ananiuliza mimi. Nimwambie nini?"

Nikamtazama Ngeleja. Hakuinua hata kichwa kusikiliza jibu langu. Alikuwa ameshika mkanda kwa vidole viwili begani kwangu.

"Hapa je?" akauliza. "Bado unakata?"

"Hapo," nikamwambia. "Hapo hapo."

"Magreti?" mjomba akaita.

"Pokeeni, mjomba," nikasema. "Ila mtusubiri kidogo. Hajamaliza kukaza nati."