Kufikiriwa Si Kupokewa

Bi Wahida alikuwa na kipaji kimoja, na hakukificha.

"Miye nikimtazama mtu usoni, najua anataka nini kabla hajaketi," husema. "Jeddah nzima hakuna wa kunidanganya."

Kisha hunywa kahawa kidogo, akaongeza: "Ila yule muuza mafriji wa Balad. Yule kaniuzia friji bovu mara mbili. Friji lile lile."

Basi kusoma watu alijua, japo si wauza mafriji. Kusoma karatasi ndiko kulikomshinda. Alifika Jeddah na wazazi wake kutoka Unguja mwaka 1964, akiwa na miaka sita. Alisoma mpaka darasa la tano, akatolewa shule alee wadogo zake. Sasa alikaa karibu na Balad, mtaa mkongwe wa mji, ghorofa ya tatu, katika nyumba isiyo na lifti.

Mjukuu wake Nada alikuwa Riyadh na wazazi wake, akimaliza sekondari. Nada alikuwa mpole, lakini alipotaka jambo hakuliachia. Tangu ana miaka tisa alitaka jambo moja tu, udaktari. Hakuna mwanasesere wake aliyesalimika bila bandeji.

Siku moja Jabir, baba yake Nada, alimpigia simu mama yake, Bi Wahida.

"Mama, njoo. Nada kapata udaktari Amerika."

Bi Wahida alipanda basi siku hiyo hiyo. Asubuhi alishuka Batha, katikati ya Riyadh, kapu la halua mkono huu, kapu la samaki wakavu mkono ule. Alikata sokoni kwa miguu, akabishana na madereva watatu wa teksi, akawashinda wote. Lakini alipofika mlangoni kwa mwanawe, mtaa wa Al-Naseem, alianza kuchechemea mguu wa kushoto.

Nada alimfungulia mlango. "Bibi, una nini?"

"Magoti, mjukuu wangu. Zile ngazi zangu zitaniua. Laiti ningekuwa na mtu karibu." Alisema hivyo huku akimtazama Nada kwa pembe ya jicho.

Jioni Jabir alitandaza karatasi juu ya meza. Vyuo vitatu vilikuwa vimemkubali Nada. Jibu lilitakiwa ndani ya siku kumi. Atakachokikubali ndicho hicho, na nafasi nyingine mbili zitakwenda kwa wengine.

"Hii ya Amerika ndiyo yenyewe," alisema Jabir. "Kule mtu husoma digrii ya kwanza miaka minne. Halafu huomba upya kusoma udaktari, miaka mingine minne. Wengi hukosa hapo katikati. Lakini huu ni mpango wa pamoja, Mama. Unaomba mara moja, unapata vyote viwili."

"Kama shampuu na kondishena kwenye chupa moja," alisema Bi Wahida.

"Ndiyo hivyo."

"Ninayo chupa hiyo nyumbani. Haisafishi wala hailainishi."

Jabir hakucheka. Alikwisha kutangaza habari kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Jamaa wa Maskati na Mombasa walikuwa wametuma picha za maua tangu asubuhi.

Nada alimfuata bibi yake jikoni.

"Bibi, naogopa. Sisi ni watu wa ikama, kibali cha ukaazi tu, si raia. Nafasi za udaktari kwa wageni ni chache. Nikichagua vibaya, naweza kusoma miaka na nisiwe daktari. Na Baba keshawaambia watu wote."

Bi Wahida alimtazama usoni. Hapo hakuhitaji karatasi. Mtoto alikuwa na hofu ya kweli.

"Ngoja Ijumaa," alisema. "Ijumaa Damaris hutoka."

Damaris alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya jirani. Walijuana mwaka uliopita, kwenye bakala, duka dogo la pembeni. Damaris alikuwa akiyanung'unikia mayai kwa Kiswahili, na Bi Wahida akamjibu kwa niaba ya mayai. Tangu hapo, kila Bi Wahida akija Riyadh, madam wake Damaris humpa ruhusa Ijumaa baada ya Alasiri aje kunywa chai.

Kwanza walishindwa kuitana. "Nikikuita bibi, nyumbani watasema nimeoa," alisema Damaris. "Kwetu bibi ni mke wa mtu. Wewe ni nyanya."

"Nyanya kwetu ni tungule. Haya, niite, lakini usinitie kwenye mchuzi."

Damaris hakuwa mtu wa ndoo na ufagio tu. Kwao, magharibi mwa Kenya, alikuwa karani wa usajili wa wanafunzi chuoni kwa miaka minane. Mkataba ulipokwisha, na mwanawe yuko shuleni, ndipo akaja Saudia.

Ijumaa ilipofika, Damaris alinawa mikono, akaketi, akaomba penseli.

"Kalamu ninayo hapa," alisema Jabir.

"Penseli, Baba Nada. Wino hujifanya unajua."

Akaishika barua ya Amerika. Hakuisoma haraka. Alipeleka kidole mstari kwa mstari.

"Baba Nada, hii umeisoma yote?"

"Yote."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho kabisa."

"Mbona hapa chini imeandikwa kurasa sita, na mkononi nina tatu?"

Jabir alikohoa. Mashine ya kuchapia, alisema, iliishiwa karatasi.

Bi Wahida alifurahi mno. Hakuna kitu kitamu kama uongo wa mtu mwingine. Alimkatia Damaris kipande kikubwa cha halua.

Nada alifungua kurasa zilizobaki kwenye simu. Ukurasa wa nne, Damaris alimsimamisha.

"Hapo. Tuambie kwa Kiswahili."

Nada alitafsiri polepole. "Mwanafunzi atakayetunza alama zake, na kufaulu mtihani wa kuingilia udaktari, atafikiriwa kupewa nafasi."

Damaris aliandika neno moja kwenye karatasi, akalipigia mstari. *Atafikiriwa.*

"Sasa Nada, hapa umepokelewa wapi?"

"Udaktari."

"Soma tena."

Nada alisoma tena. Safari hii uso wake ulibadilika. "Nimepokelewa digrii ya kwanza. Udaktari, watanifikiria."

"Haya sasa," alisema Bi Wahida. "Hata miye nilifikiriwa. Mtoto wa mwenye duka la vitambaa alinifikiria miaka miwili mizima. Kila Idi analeta maua. Kisha kamwoa binamu yake, na maua ya harusi kayanunua kwa baba yangu, muuza maua."

"Nyanya amemaliza," alisema Damaris. "Kufikiriwa si kupokewa. Huu ni uchumba. Uchumba si mbaya, lakini usitangaze ndoa."

Jabir aliitazama simu yake, yenye maua yote yale, akaigeuza kifudifudi.

Chuo cha pili kilikuwa pia ng'ambo, nchi nyingine. Nacho kilikuwa na mpango wa pamoja, wa haraka, miaka sita badala ya minane. Hapa nafasi ya udaktari iliahidiwa waziwazi.

"Hii basi ni ndoa," alisema Jabir, akipata nguvu.

"Ni ndoa," alisema Damaris. "Tusome talaka." Kidole chake kikashuka. "Hakuna likizo ndefu, ndiyo maana ni miaka sita. Ukikubali, huruhusiwi kuomba kwingine. Na ukiacha katikati, hawasemi utatoka na nini. Nada, una miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Ukifika ishirini ugundue damu inakutia kizunguzungu?"

"Hainitii."

"Sijasema inakutia. Nimesema, ikikutia, utarudi nyumbani na cheti gani? Halafu kuna hili. Cheti cha kule, hapa kinakubaliwa? Uliza ofisi inayosajili madaktari wa nchi unayotaka kufanya kazi. Usimuulize anayekiuza."

Bi Wahida aliona wakati wake umefika. Akaisukuma karatasi ya tatu kwa kidole kidogo.

"Na hii ya Jeddah? Hii haina posa wala talaka. Hii ni ya nyumbani."

Hiki kilikuwa chuo cha binafsi. Mwaka mmoja wa maandalizi, miaka mitano ya udaktari, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini. Damaris aliisoma kwa mwendo ule ule wa kidole.

"Nayo ina masharti, Nyanya. Mwaka wa maandalizi asipofikisha alama, udaktari haingii."

"Damaris, weye uko upande gani?"

"Wa penseli."

Nada alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Kisha akauliza, "Sasa nitajuaje ipi ni bora?"

"Tutawaandikia wote watatu maswali yale yale. Kwa maandishi, wajibu kwa maandishi. Maneno ya simu huyeyuka. Andika: mwaka jana walianza wangapi, wakaingia udaktari wangapi? Nikifikisha alama, nafasi ni yangu, au nitashindania na wenzangu? Nikianguka somo moja, narudia au natolewa? Nikiacha, natoka na nini?"

Nada aliandika. Jabir naye, kimya kimya, aliandika kwenye simu yake.

"Umeyajulia wapi yote haya?" aliuliza Jabir.

Damaris aliizungusha penseli. "Kuna msichana alilia mbele ya meza yangu. Alikuwa amesoma miaka mitatu akidhani nafasi ni yake. Alifikisha alama. Lakini waliofikisha walikuwa wengi, na viti vichache. Barua yake ilisema vizuri tu, ukurasa wa mwisho. Nilikuwa na funguo za makabati yote, Baba Nada. Wa kumfungulia yeye sikuwa nao."

Bi Wahida aliitazama mikono ya Damaris. Ngozi ilikuwa imepasuka kwa dawa ya sakafu. Mikono hiyo ilipita kwenye mafaili ya watoto wa watu kwa miaka minane, na haikuwasahau. Akaona aibu kidogo kwamba siku zote alimwalika kwa ajili ya umbea tu.

Ijumaa ya pili majibu yalikuwa yamefika. Siku mbili zilikuwa zimebaki.

Chuo cha Amerika kilijibu kwa adabu na kwa kweli. Mwaka uliopita walianza arobaini, wakaingia udaktari ishirini na wawili. Kufikisha alama kunakupa haki ya kushindana.

Chuo cha haraka hakikujibu swali hata moja. Kilituma picha ya bustani.

"Bustani nzuri," alisema Bi Wahida.

"Nzuri sana," alisema Damaris, akaiweka kando.

Cha Jeddah kilijibu mistari sita. Kila anayefikisha alama anaingia udaktari, hakuna kushindania viti. Somo moja ukianguka, unarudia mara moja. Ukishindwa udaktari, masomo ya mwaka wa kwanza yanahesabiwa katika digrii nyingine za afya za chuo hicho. Nada alikuwa amepiga simu pia ofisi ya usajili wa madaktari, na walimwambia cheti hicho kinatambuliwa.

"Mimi nachagua Jeddah," alisema Nada.

Bi Wahida aliinua kikombe kuficha tabasamu. Damaris alimwona.

"Nada, swali la mwisho. Magoti ya Nyanya yakipona kesho asubuhi, bado utachagua Jeddah?"

Kahawa ilimpalia Bi Wahida.

Nada alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kiasi cha kumkosesha raha bibi yake.

"Bado," alisema. "Amerika naitaka. Lakini nataka zaidi kuwa daktari. Hapa najua ninachotakiwa kufanya, na nikikifanya hakuna wa kuninyang'anya."

"Basi halas," alisema Damaris, akampa penseli. "Hiyo ni sababu yako mwenyewe. Usiliachie goti la mtu likuchagulie."

Jabir alichukua simu, akaandikia ukoo mzima: *Nada haendi Amerika. Anasoma udaktari Jeddah. Sababu: tumesoma kurasa zote.*

Nada alihamia kwa bibi yake. Mwaka wa maandalizi ulikuwa mgumu. Alilia mara mbili kwa sababu ya kemia, akarudia mazoezi, na mwisho wa mwaka alipita kwa alama nyingi kuliko zilizotakiwa. Nafasi yake ilikuwa pale pale, kama ilivyoandikwa. Kule Al-Naseem, Ijumaa za Damaris zilijaa. Maryann na Fridah, Wakenya wenzake, walimletea barua za vyuo za watoto wao waliokuwa nyumbani. Jabir aliwapa sebule, chai, na penseli boksi zima.

Mwaka wa tatu, Nada alirudi nyumbani siku moja na daftari jipya.

"Bibi, leo tumefundishwa kupima magoti. Lala nikupime."

Bi Wahida hakuweza kukataa. Alikuwa ameyalalamikia magoti hayo miaka mitatu. Akalala.

Nada aliyakunja, akayanyoosha, akayabonyeza pande zote. Mikono yake ilikuwa mitulivu. Bi Wahida alimtazama akajisemea moyoni, huyu keshakuwa daktari, na mimi ndiye mgonjwa wake wa kwanza.

"Linauma lipi, Bibi?"

"La kulia, mwanangu. Taratibu hapo."

"Na la kushoto?"

"La kushoto zima. La kushoto halijaniuma maishani mwangu."

Nada aliandika. Kisha akainua kichwa.

"Siku ile Riyadh nilikufungulia mlango, Bibi. Ulikuwa unachechemea mguu wa kushoto."

Bi Wahida aliitazama dari.

"Yalibadilishana zamu," alisema.

Nada akachukua penseli, akapiga mstari chini ya maneno *la kushoto zima*.