Skrini Kutoka Gari Lililogongwa

Haya yalimpata Jarrod, rafiki yangu wa kitongoji cha Elizabeth, kaskazini mwa jiji la Adelaide, Australia. Digrii tunazo, kazi wanapewa wapwa wa mameneja. Hatimaye akaitwa kwenye usaili kule mji wa Whyalla, karibu kilomita mia nne, na wiki hiyohiyo joto likaunguza skrini ya dashibodi ya gari lake la spoti. Bila spidi kuonekana, polisi wangelizuia gari hilo barabarani, na kazi kwaheri.

Akaenda yadi ya magari yaliyogongwa, ambako mteja hufungua spea mwenyewe. Akakuta gari kama lake, limekunjika kama karatasi.

"Hilo bado hatujaliosha damu, rafiki," mwenye yadi akamwambia. "Njoo kesho."

"Nataka skrini, mzee, sijaomba viti!"

Akaifungua, akailipia. Nyumbani akateremsha mlango wa gereji kukwepa jua, giza likamfunika. Gari lilikuwa juu ya stendi, matairi yametolewa. Akaiweka skrini mahali pake, akajifunga mkanda kwa mazoea, akageuza swichi. Ikawaka. Papo hapo kengele ya mkanda ikalia, ya kiti cha abiria. Kiti kilikuwa kitupu.

Injini ilikuwa kimya, lakini spidi kwenye skrini ikapanda: themanini, mia na arobaini, mia na tisini. Halafu sifuri. Mkanda ukambana hadi mbavu zikavunjika, na pembeni yake kikasikika kishindo kama tikitimaji lililobamizwa ukutani.

Mimi ndiye niliyemtoa, niliposikia mayowe yake. Gari halikuwa limesogea hata inchi. Ila kioo cha mbele, upande wa abiria, kilikuwa kimepasuliwa kutoka ndani, na kwenye ufa zilining'inia nywele ndefu nyekundu, zikidondosha damu ambayo bado ilikuwa ya moto.