Kumi na Nane Kila Siku

Siku za kazi, nyumba ile iliamka kwa sauti ya Dada akitaja mifupa. Aliitaja akipiga mswaki, aliitaja akifunga vifungo vya sare yake nyeupe, na alipofika kwenye mifupa ya unyayo alikuwa tayari yuko mlangoni, begi begani, chai yake imebaki nusu kikombe mezani. Asubuhi moja alifika wodini amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili. Hakujua mpaka mgonjwa alipomuuliza kama huo ndio mtindo mpya wa wauguzi.

Dada alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa na shahada ya sayansi ya mimea na alikwisha kufanya kazi katika maabara ya mbegu kabla ya kuchaguliwa kusomea uuguzi katika kozi ya watu wenye shahada. Mambo ambayo wengine huyasoma miaka minne, wao walitakiwa kuyamaliza kwa miezi kumi na sita.

"Chakula ni kile kile," alisema, "ila sisi tunameza bila kutafuna."

Aliyeanguka somo moja alifungasha vitu vyake. Darasa lilianza na watu arobaini, na kila mmoja alipoondoka, kiti chake kilisogezwa nyuma na kupandishwa juu ya vingine. Rundo lilikuwa limefika viti tisa. Dada aliketi safu ya mwisho, na alisema kwamba akijinyoosha, kichwa chake hugusa miguu ya viti vile.

Mdogo wake alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Aliosha vyombo chapuchapu, aliandika insha chapuchapu, hata kucheka alicheka upesi kabla wenzake hawajaielewa hadithi. Yeye na Dada waliishi na bibi yao. Mama yao alikuwa mpishi katika shule ya bweni, na alirudi nyumbani Jumamosi jioni tu.

Mwezi ule Mkufunzi wa Dada alitoa kazi iliyoonekana ndogo kuliko zote. Kila mwanachuo alitakiwa kuchagua mtu mmoja na kuhesabu pumzi zake kila asubuhi kwa siku thelathini. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Mtu awe macho, ametulia, na ahesabiwe dakika nzima. Tena asijue anahesabiwa pumzi, kwa sababu akijua huanza kupumua kwa adabu kama mtu anayepigwa picha. Basi muuguzi humshika mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba anasikiliza mapigo ya moyo, huku macho yake yakiangalia kifua.

Dada alimchagua Bibi.

"Unanishika mkono kila siku kama polisi aliyemkamata mwizi wa kuku," Bibi alilalamika. "Kuku mwenyewe yuko wapi?"

Siku nane Dada alihesabu mwenyewe. Kumi na nane, kumi na saba, kumi na tisa, kumi na nane. Siku ya tisa ratiba ilibadilika, ikawa lazima awe wodini saa kumi na mbili kamili, wakati Bibi bado amelala. Dada akaibandua saa yake ndogo ya kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili muuguzi aisome bila kuishika, akambandika mdogo wake.

"Nihesabie wewe kabla ya kwenda shule. Uandike hapa. Mkufunzi asijue, maana kazi hii ni yangu na kumpa mtu mwingine ni kosa. Lakini nina mitihani miwili wiki hii, mdogo wangu, na rundo la viti liko mgongoni mwangu."

"Usijali. Dakika moja tu?"

"Dakika moja tu. Lakini nzima."

Siku tano Chapuchapu alihesabu vizuri. Alijiona nesi kamili. Lakini dakika moja ya kukaa kimya ni ndefu kwa mtoto aliyezoea kukimbia, na nje alikuwepo rafiki yake, aliyepewa jina la Redio kwa sababu hakuzimika. Timu yao ya netiboli ilifanya mazoezi kabla ya kengele ya shule.

"Chapuchapu! Unafanya nini humo, unataga?" Redio aliita dirishani. "Mwalimu amesema atakayechelewa leo atakaa benchi!"

Siku ya kumi na nne Chapuchapu alitazama ukurasa. Kumi na nane ilikuwa imejirudia mara nyingi. Bibi ni yule yule, aliwaza, kitanda ni kile kile. Akaandika 18, akatoka mbio. Hakuna kilichotokea. Kesho yake akaandika 18 kabla hata ya kuingia chumbani.

Jioni Dada alifunua daftari huku akitafuna mkate. "Kumi na nane. Bibi huyu atatuzika sote," alisema, akaridhika, akarudi kwenye vitabu vyake.

Ilipofika wiki ya tatu, Chapuchapu alianza kuona vitu ambavyo hakutaka kuviona.

Kwanza ulikuwa mto. Bibi, ambaye siku zote alilalia mto mmoja, aliomba wa pili. Siku chache baadaye aliomba na ule wa kiti cha sebuleni, akawa analala kama mtu aliyeketi. Kisha zikaja ndara. Asubuhi moja miguu ya Bibi ilikataa kuingia ndani yake, na mikanda iliacha mitaro mirefu juu ya ngozi. Kutoka jikoni hadi sebuleni ni hatua kumi na moja. Bibi akaanza kusimama kwenye hatua ya sita, mkono ukutani, akijifanya anakagua rangi.

"Bibi, unaumwa?"

"Nimezeeka, mjukuu wangu. Na wewe usimwambie dada yako upuuzi, ana mitihani, wala mama yako. Umenisikia?"

Chapuchapu alisikia. Alisikia na sauti nyingine pia, sauti ndogo kama ya maji yanayochemka kwenye chungu kilichofunikwa, ikitoka kifuani mwa Bibi kila alipolala chini. Aliisikia akiwa jikoni, na shuleni alipofumba macho aliisikia tena.

Siku ya ishirini na mbili alichukua saa, akaketi kando ya kitanda, akaushika mkono wa Bibi. Alihesabu nusu dakika tu, kwa sababu woga ulimzuia kuendelea. Kumi na tatu. Mara mbili ni ishirini na sita.

Alikaa na kalamu mkononi. Jana aliandika kumi na nane, na juzi, na siku zote zile. Akiandika ishirini na sita leo, Dada atauliza, na swali moja litavuta jingine. Nje Redio alipiga mluzi. Chapuchapu akaandika 18. Tangu siku hiyo hakuushika tena mkono wa Bibi. Mwanzo hakuhesabu kwa sababu ya haraka, sasa hakuhesabu kwa sababu aliogopa kujua.

Ijumaa, siku ya ishirini na tisa, Mkufunzi aliyakusanya madaftari ayakague kabla ya siku ya mwisho. Alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, na hakuwahi kupaza sauti. Mchana alisimama mbele ya darasa na daftari moja mkononi.

"Kumi na nane," alisoma. "Kumi na nane. Kumi na nane. Siku kumi na sita mfululizo. Huyu ni mtu au ni saa ya ukutani?"

Akaliweka daftari mbele ya Dada.

"Mtu aliye hai huyumba kidogo, leo juu, kesho chini. Kesho saa nne nitakuja kwenu nimhesabu bibi yako mwenyewe. Kama namba hizi ni za kubuni, Jumatatu usije."

Dada alirudi nyumbani midomo imemkauka. Alimvuta mdogo wake hadi uani.

"Niambie ukweli. Ulihesabu?"

Chapuchapu aliitazama ile saa ya kifuani. Mshale wa sekunde ulikuwa unazunguka.

"Nilihesabu."

"Kila siku? Dakika nzima?"

"Kila siku, Dada."

Dada akashusha pumzi, akamkumbatia. Chapuchapu alitamani angepigwa.

Kesho yake saa nne kamili Mkufunzi alibisha hodi. Bibi alikuwa sebuleni, ameegemezwa mito mitatu, amejifunga kanga mpya ya kupokelea mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja… kunikamata mkono?" Bibi alipumzika katikati ya sentensi, kama vile alivyopumzika katikati ya sebule.

Mkufunzi alitabasamu, akaushika mkono. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko zote ambazo Chapuchapu aliwahi kuziona. Tabasamu la Mkufunzi lilififia polepole. Alipomaliza aliinamia miguu ya Bibi, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki.

"Thelathini na mbili," alisema. "Piga simu hospitali walete gari. Sasa hivi."

Dada alipiga simu, kisha akageuka. "Lakini jana daftari lilisema…"

"Hilo ndilo ninalotaka kujua." Mkufunzi aliongea kwa utulivu uliotisha kuliko kelele. "Kama pumzi zimeruka kutoka kumi na nane hadi thelathini na mbili kwa usiku mmoja, daktari atatafuta jambo moja. Kama zimepanda kidogo kidogo kwa majuma mawili, atatafuta jingine. Dawa ni tofauti. Swali la kwanza atakaloniuliza ni hili: lilianza lini? Nimjibu nini?"

Dada alifungua daftari, akageuza kurasa. Chapuchapu alimtazama Bibi. Kanga mpya ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na hata bila saa aliweza kuona kwamba ni upesi mno.

"Ni uongo!" sauti ilimtoka. "Namba ni za uongo. Mimi ndiye nilikuwa nahesabu, halafu nikaacha. Tangu siku ya kumi na nne nimeandika tu."

"Chapuchapu!" Dada alishika mdomo.

"Hakuna siku hata moja uliyohesabu?" aliuliza Mkufunzi.

"Moja. Siku ya ishirini na mbili. Nilihesabu nusu dakika, ikaja kumi na tatu. Nikaogopa." Machozi yalimshuka lakini hakunyamaza. "Mto wa pili aliuomba siku ya kumi na saba, siku ya mechi yetu. Wa tatu, siku ya ishirini. Ndara zilimkataa siku iliyofuata. Hapo ndipo alipoanza kusimama hatua ya sita, na zamani alikuwa hasimami. Na akilala chini, kifua kinachemka."

Mkufunzi alikuwa ameshatoa kalamu. Aliandika kila neno.

"Na mimi nilimpa kazi yangu," Dada alisema taratibu. "Nilijua ni kosa, Mwalimu. Nimekaa naye nyumba moja na sikuiona miguu yake. Niliangalia daftari badala ya kumwangalia yeye."

Gari la wagonjwa lilifika. Hospitalini, daktari alisikiliza kifua cha Bibi, kisha akaisoma karatasi ya Mkufunzi mara mbili. Moyo ulikuwa umechoka kusukuma, alisema, na maji yalikuwa yamejaa mapafuni kidogo kidogo kwa majuma mawili. Akampa hewa ya mtungi na dawa ya kuyatoa maji yale. Angechelewa siku mbili zaidi, daktari alimwambia Mama alipofika mbio na aproni yake ya jikoni, maneno yangekuwa mengine.

Siku tatu familia ilikaa kwenye benchi la korido bila utani wowote. Siku ya nne Bibi aliuliza ni nani aliyempa uji usio na sukari, na kama mtu huyo ameshashtakiwa. Ndipo Mama alipocheka, akalia.

Dada hakufukuzwa, lakini hakusamehewa bure. Aliandikiwa onyo na akatakiwa kuanza siku thelathini upya, bila kupunguziwa mtihani hata mmoja. Mkufunzi alikuja nyumbani Bibi aliporuhusiwa kutoka, akawaketisha dada wote wawili mbele yake.

"Wewe mkubwa, kozi yenu imebanwa. Miaka minne tumeifanya miezi kumi na sita, nami najua inavyouma, kwa sababu ndiye ninayeibana. Lakini dakika ya mgonjwa hatukuibana, na hakuna chuo kitakachoweza. Ukielemewa, njoo useme umeelemewa, usimtwike mtoto." Kisha akamgeukia Chapuchapu. "Na wewe. Una macho ya muuguzi. Uliona mito, uliona ndara, ulihesabu hatua. Lakini uliandika usichokiona. Daktari hakai na mgonjwa kutwa, yeye huamini kilichoandikwa. Ukiandika uongo, umemfumba macho, na mgonjwa anaumia peke yake gizani. Siku uliposema kweli mbele yetu, ingawa ilikuaibisha, ndipo bibi yako alipoanza kutibiwa. Ulikumbuke hilo hata ukiwa huvai sare nyeupe."

"Nitalikumbuka, Mwalimu."

Jumatatu iliyofuata asubuhi Dada alihesabu mwenyewe, maana alikuwa amemwomba Mkufunzi ambadilishie zamu, akakubaliwa. Chapuchapu aliketi upande wa pili wa kitanda, akihesabu naye kimyakimya ili kuhakikisha.

"Leo polisi wawili," Bibi alinung'unika.

"Chapuchapu!" Redio aliita dirishani. "Utachelewa! Utakaa benchi!"

Chapuchapu hakugeuka. Alingoja mshale wa sekunde uzunguke mpaka juu kabisa.

"Ishirini na mbili," alisema.

"Ishirini na mbili," alisema Dada, akaandika.

Haikuwa namba nzuri kama kumi na nane. Lakini ilikuwa ya Bibi.