Wimbo Usio na Mwenyewe

Mama mkwe wangu ni mshona magodoro. Kila asubuhi hukaa ukumbini, sindano ndefu mkononi, akishona huku akiimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini. Binti yangu, ambaye kwa kupenda kuimba tunamwita Kasuku, aliushika wote hajafika hata miaka kumi na miwili.

Shuleni likatangazwa tamasha. Kundi moja la nyimbo liliitwa Muziki wa Dunia, na Kasuku akajiandikisha humo kwa wimbo ule. Fomu iliuliza: mtunzi ni nani? Kasuku akaandika: Hakuna.

"Si wa bibi yako huo?" nikamuuliza.

"Mama nawe! Huu sasa ni wa dunia. Cha dunia hakina mwenyewe."

Nami niliyeishia darasa la saba nikanyamaza. Najuta mpaka leo.

Siku ya tamasha tulimweka bibi kiti cha mbele. Kasuku akauimba mbiombio, kwa ngoma na kiuno. Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Nilipogeuka, bibi alikuwa amejifunika uso.

"Nitoe hapa, mwanangu."

Nyumbani akasema, "Ule nilimtungia kifunguamimba wangu, surua ilipomchukua. Dunia ndiyo iliyomzika? Nilimzika mimi. Leo wamemchezea."

Tangu hapo akawa anashona kimya. Nyumba ikapoa kama yenye msiba. Kasuku hali, halali.

Siku ya tatu akapiga magoti. "Bibi, nisamehe. Nilijua ni wako. Nilitaka nionekane nimeuvumbua mimi."

"Sasa mjukuu wangu, hukuweza kuniuliza? Mdomo ulitiwa kufuli?"

Jumatatu Kasuku alisimama mbele ya shule nzima, akasema kweli huku analia. Mwalimu wa muziki alifuta "hakuna", akaandika jina la bibi.

"Muziki wa dunia si jalala la nyimbo za kuokota," akawaambia. "Umeitwa hivyo ili wimbo wa mtu wa mbali ufike masikioni mwenu. Lakini dunia ni watu. Kabla hujaimba, uliza: ni wa nani, na alipoutunga alikuwa anacheka au analia?"

Bibi alisamehe. Anakula sahani moja na Kasuku, wanataniana. Ila wimbo haujarudi, na kila asubuhi natega sikio mlangoni.

Basi watoto mnaosoma haya, ulizeni kwanza. Msamaha mtapewa, sijui kama na wimbo mtarudishiwa.